Kupima Uvumilivu wa Chumvi kwa Tungule za Chupani: Mwongozo Kamili kwa Bustani za Lamu na Malindi

Teka ndoo ya maji kwenye kisima cha Shela baada ya masika, uonje. Matamu. Rudi kisima hicho hicho mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imeshakausha kila kitu, uonje tena, na ulimi utakwambia wenyewe. Maji ya matuta ya mchanga ya Shela, ambayo ndiyo yanayonywesha mji wa Lamu, yameelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi kuliko hayo. Kwa hesabu ya wataalamu wa maji, kila mita 1 ya maji matamu iliyoinuka juu ya usawa wa bahari huwa imebeba chini yake kama mita 40 za maji matamu. Hesabu hiyo inakwenda kinyume vilevile: pampu ikishusha uso wa maji nusu mita na ikabaki hivyo, mpaka wa chumvi kule chini unaweza kupanda hadi mita 20.

Nimelelewa na bustani iliyonyweshwa maji ya namna hiyo. Nilikuwa nikiziona tungule za mama zikiungua kingo za majani kila kaskazi, na mwaka unaofuata tunapanda mbegu ile ile. Nilipoingia kazi ya kukuza mimea kwa tishu, yaani kukuza vipande vya mmea kwenye lishe ndani ya chupa zisizo na vijidudu, swali langu la kwanza lilikuwa hilo: je, ndani ya chupa tunaweza kuutambua mche utakaovumilia maji yetu, kabla ya kuupeleka shamba na kupoteza msimu mzima?

Tunaweza kwa kiasi, tena kwa masharti. Sharti kubwa kuliko yote ni kwamba swali litoke kisimani na jibu lirudishwe kisimani. Chupa iko katikati tu.

Anza na maji yako

Nunua au azima kipima EC, kile kijiti cha betri kinachotumbukizwa majini na kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme; chumvi ikizidi, kipimo hupanda. Kikisoma kwa mikrosiemensi, gawanya kwa 1,000 upate desisiemensi kwa mita (dS/m). Kikisoma kwa ppm (sehemu kwa milioni), gawanya kwa 640 upate makadirio yale yale, ila soma kwanza maelezo ya kifaa chako, kwa maana vingine hutumia 500. Pima maji ya kisima mara tatu kwa mwaka: baada ya masika, kabla ya vuli, na mwisho wa kaskazi. Andika vipimo hivyo pamoja na tarehe. Kipimo cha Machi ndicho kitakachoongoza kazi yako yote.

Mwongozo wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1985 unasema maji yaliyo chini ya 0.7 dS/m hayana tatizo la chumvi kwa umwagiliaji, na yakipita 3 tatizo ni kubwa. Tungule zinakaa katikati. Katika jedwali la watafiti Maas na Hoffman la mwaka 1977, ambalo mabwana shamba wanalitumia mpaka leo, mavuno ya tungule huanza kushuka chumvi ya udongo ikipita 2.5 dS/m, na kila 1 inayoongezeka hapo inaondoa kama asilimia 9.9 ya mavuno. Udongo ukiwa na 6, umeshapoteza asilimia 35 hivi. Kitunguu huanza kuumia kwenye 1.2, pilipili 1.5, karoti na maharagwe 1.0. Kunde ni ngumu zaidi, kwenye majedwali ya baadaye zinafika 4.9. Kumbuka hiyo ni chumvi ya udongo. Chumvi ya maji uliyomwagilia hujikusanya udongoni, na kwa kawaida udongo huishia na kama mara moja na nusu ya chumvi ya maji yenyewe.

Chupani tunapima kwa milimola (mM), yaani wingi wa chumvi iliyoyeyuka kwenye kila lita. Kwa makadirio ya kazi, kila 10 mM za chumvi ya kawaida ni kama 1 dS/m. Basi kisima cha 4 dS/m ni sawa na 40 mM, na kwa maji hayo udongo utafika kama 60 mM. Jaribio lako lijengwe kuzunguka kiwango hicho. Nimeona majaribio yaliyorukia 200 mM, kila mche ukafa, na aliyefanya akaandika kwamba aina zote ni dhaifu. Hakuna kisima cha bustani chenye chumvi hiyo. Ni karibu theluthi moja ya bahari.

Kwa nini chupa, na si ndoo za mchanga?

Ukipanda mbegu ishirini kwenye ndoo zenye chumvi tofauti, huwezi kujua kama mche wa ndoo ya nne umekufa kwa chumvi au kwa kuwa ulizaliwa dhaifu. Kwa tishu, mche mmoja unaukata vipande ishirini vyenye asili moja, ukavigawa: hivi havipati chumvi, hivi vinapata kidogo, hivi vingi. Mche unalinganishwa na nafsi yake, na hiyo ndiyo faida ya kweli.

Chupa yenyewe haiumbi uvumilivu. Inachofanya ni kuchagua kutoka kwa kilichoko ndani ya mbegu. Kwa hiyo leta mbegu za aina nyingi: Cal J, Rio Grande, Money Maker, na zaidi ya zote zile tungule ndogo zinazojiotea zenyewe kando ya visima na nyuma ya nyumba, ambazo hakuna anayezimwagilia. Jamaa wa mbali wa tungule wametufunza hivyo. Tungule mwitu wa visiwa vya Galápagos, wanaoota karibu na ufuo, walijaribiwa na watafiti Rush na Epstein katika utafiti wao wa mwaka 1976, na waliendelea kuishi katika chumvi ambayo tungule wa shambani hawakuiweza.

Chumba na vyombo

Mwenye maabara atumie maabara. Asiye nayo anaweza kuanza na jikoni. Sisi wa pwani tuna bahati moja: sufuria ya presha inayofika paundi 15 hutoa nyuzi 121 za joto kwenye usawa wa bahari, na hicho ndicho kipimo kinachoua vijidudu pamoja na mbegu zao. Walio milimani wanalazimika kurekebisha. Tumia chupa za jemu zenye vifuniko vinavyostahimili moto, mizani inayosoma angalau sehemu ya mia ya gramu, karatasi au kipima pH (kipimo cha asidi), kibano kirefu, wembe wa kisu cha upasuaji, na kisanduku cha plastiki angavu chenye matundu mawili ya mikono ili upepo usiingie.

Chumba kiwe na nyuzi 25 hivi, mwanga wa taa nyeupe saa 16 na giza saa 8. Hapa ndipo penye taabu yetu. Chumba cha bati Malindi mwezi wa Februari hakifai. Chumba cha ndani cha nyumba ya mawe, chenye kuta nene za matumbawe, ni bora kuliko chumba kipya cha matofali chenye feni; nyumba za namna hiyo zilijengwa kwa ajili ya joto hili hili. Weka kipimajoto karibu na chupa, si ukutani, kwa sababu taa huongeza nyuzi mbili au tatu rafuni.

Kupika lishe

Lishe tunayotumia ni ya watafiti Murashige na Skoog ya mwaka 1962, wengi huiita MS. Unga wake uliokwisha kuchanganywa unauzwa, gramu 4.4 hivi kwa lita ikiwa na vitamini. Mimi natumia nusu, gramu 2.2, na nina sababu. MS kamili ina potasiamu ya kama 20 mM. Potasiamu ndiyo inayoulinda mche dhidi ya sodiamu, na mchanga wetu hauna wingi huo hata kidogo. Mche unaoonekana shujaa ndani ya MS kamili huenda unabebwa na potasiamu tu.

Kwa lita 1: maji yaliyotoneshwa mililita 800 hivi, unga wa MS gramu 2.2, sukari ya kawaida nyeupe gramu 30. Koroga mpaka viyeyuke. Tia chumvi ya kiwango chako, kisha jaza hadi lita 1, ndipo urekebishe pH iwe 5.8. Chumvi iingie kabla ya kupima pH, si baada. Ongeza agari, ule unga wa mwani unaogandisha lishe, gramu 8, chemsha ukikoroga mpaka iwe angavu, mimina mililita 25 hadi 30 kwa kila chupa, funga, pika kwa presha dakika 20. Lita moja hutoa chupa kama 35. pH ikianguka chini ya 5 agari haitashika, na utajua kesho yake chupa ikitingishika kama uji. (Wanaouliza kama mwani unaolimwa Kibuyuni unaweza kutumika: ule hutoa karajini, si agari. Ni kitu kingine.)

Maji yawe yaliyotoneshwa kweli. Mwaka wangu wa kwanza, chombo cha kutonesha kiliharibika tukatumia maji ya bomba yaliyochemshwa. Chupa zisizo na chumvi zilizaa miche ya manjano iliyodumaa, nami nikapoteza miezi miwili nikitafuta ugonjwa. Chumvi ilikuwa ndani ya maji. Tangu siku hiyo kipima EC hakiondoki mezani, na maji yakisoma zaidi ya 0.02 dS/m siyatii kwenye lishe.

Kutoka mbegu hadi pingili

Osha mbegu kwa maji ya sabuni dakika 10. Zitumbukize kwenye spiriti ya asilimia 70 kwa dakika 1. Kama spiriti yako ni ya asilimia 95, chukua mililita 70 uongeze maji hadi 95. Mwaga yote, suuza, kisha zitie kwenye dawa ya klorini ya kufulia. Soma kwenye chupa asilimia ya hipokloriti ya sodiamu na uipunguze kwa maji hadi kama 1.5. Tia tone la sabuni, tikisa dakika 15, suuza mara nne kwa maji yaliyopikwa kwa presha. Spiriti na klorini zisikutane kamwe kwenye chombo kimoja. Na kama unachoma kisu kwa taa ya spiriti, moto wake mchana karibu hauonekani. Usinyooshe mkono uliolowa spiriti karibu nao.

Panda mbegu kwenye lishe isiyo na chumvi. Wiki ya tatu au ya nne mche utakuwa na pingili kadhaa. Kata kila pingili sentimita 1 hadi 1.5, yenye jicho moja, ondoa jani kubwa, ichomeke wima kwenye lishe mpya, na upe kila mche jina lake, A, B, C, ambalo halitabadilika. Baada ya wiki nyingine tatu au nne kila pingili imekuwa mche, ukate tena. Kwa raundi mbili mche mmoja umekupa pingili 16 hadi 25. Jaribio linahitaji 21, basi zikipungua kata tena. Usitie homoni. Pingili ya tungule huchipua na kutoa mizizi bila msaada, na homoni itakuficha kile unachotaka kukiona.

Kuna njia nyingine inayopendwa na vitabu: kukuza kalasi, yaani donge la seli lisilo na umbo, kulitia chumvi, kisha kulirudisha liwe mche. Simshauri mkulima aianze. Sehemu kubwa ya uvumilivu wa tungule iko kwenye mzizi unaozuia sodiamu isipande, na kwenye jani linaloificha isidhuru. Donge halina mzizi wala jani. Tena donge likikaa kwenye chumvi huzoea tu, na ukiliondolea chumvi kwa vizazi viwili mazoea hayo mara nyingi huondoka.

Kutia chumvi

Viwango vyangu ni sita: 0, 25, 50, 75, 100 na 150 mM. Kwa gramu za chumvi safi ya maabara kwa lita ni 0, 1.46, 2.92, 4.38, 5.84 na 8.77. Usitumie chumvi ya mezani, ina madini joto na vitu vya kuzuia isigande. Hata ile ya mashamba ya chumvi ya Gongoni, ikiwa bado ghafi, si sodiamu kloridi peke yake. Kwa kila mche wenye jina weka pingili tatu kwa kila kiwango, kila moja chupa yake: jumla 18. Kila wiki badilisha nafasi za chupa rafuni, maana za kando hupata joto na mwanga tofauti.

Ongeza kundi moja ambalo wengi hulisahau: lishe yenye manitoli, aina ya sukari, gramu 36.4 kwa lita badala ya chumvi. Hiyo huvuta maji kwa nguvu karibu sawa na chumvi ya 100 mM, lakini haina sodiamu. Chumvi huumiza kwa njia mbili. Kwanza inaunyima mche maji, papo hapo. Halafu polepole sodiamu na kloridi hujaa kwenye majani makongwe na kuyaua. Mche ukidumaa sawa kwenye manitoli na kwenye chumvi, shida yake ni kiu. Ukisitawi kwenye manitoli ukaungua kwenye chumvi, shida ni sumu, nao hautafika mbali shambani.

Ukishapata miche inayosimama, rudia kwa maji ya bahari yaliyochujwa. Sehemu 1 ya bahari kwa 9 ya maji yaliyotoneshwa hukupa sodiamu ya kama 47 mM, pamoja na magnesiamu na salfeti ambazo chumvi safi haina. Kisima cha Shela kinachanganyika na bahari, si na pakiti ya maabara. Ukiona unga mweupe chini ya chupa baada ya kupika, ni madini yaliyogandana na fosfeti. Andika, kwa sababu lishe imepungua.

Kusoma chupa

Siku ya 28 toa miche. Pima urefu, hesabu mizizi na upime mrefu kuliko yote, osha agari, pangusa, pima uzito. Andika majani mangapi ya chini yameungua. Kisha gawanya kila kipimo kwa kipimo cha mche huo huo bila chumvi, zidisha kwa 100.

Hapa umakini unahitajika. Tuseme A bila chumvi ana sentimita 8 na kwenye 50 mM ana 6: amebakisha asilimia 75. B alikuwa na 12 akabaki na 7: asilimia 58. Kwa asilimia A ameshinda, lakini B bado ni mrefu. Mche mfupi unaokua polepole huonekana mvumilivu kwa sababu tu hana pa kushukia. Mimi huwapeleka wote wawili kitaluni. Mizizi naiamini zaidi kuliko urefu: aliyetoa mizizi kwenye 75 mM nampa nafasi hata kama shina lake halipendezi.

Ukiweza kupata maabara ya kupima sodiamu na potasiamu kwenye majani, pima. Kwa tungule wa kawaida, mwenye potasiamu nyingi na sodiamu kidogo ndiye bora. Lakini isiwe sheria ya chuma: tungule wale wa Galápagos walijaza sodiamu majanini na bado wakaishi.

Jambo moja zaidi kuhusu chupa, nalo ni zito. Ndani yake hewa imejaa unyevu, mche hauvuti maji kwa nguvu, kwa hiyo sodiamu haipandi kwa kasi ya shambani. Chupa huwapendelea miche. Inakufaa kuwaondoa dhaifu. Kumtawaza bingwa haiwezi.

Kutoka chupani

Hapa ndipo miche mingi hufa, na pwani kuna sababu yetu wenyewe. Kitalu kinahitaji kitu chepesi kinachoshika maji, na mtu wa hapa atachukua unga wa makumbi ya nazi. Makumbi hayo mara nyingi yamezikwa ufuoni miezi kadhaa yalainike kwa ajili ya kamba, na yametoka yamejaa bahari. Nilipoteza trei mbili za miche mizuri kwa njia hiyo. Yaloweke kwenye maji matamu usiku kucha, yakamue, rudia, na kila mara pima EC ya maji yanayotoka mpaka ishuke chini ya 0.5. Mchanga pia uoshe hivyo hivyo, hata ule uliochotwa mbali na ufuo.

Osha agari yote kwenye mizizi kwa maji ya vuguvugu, panda, funika kwa mfuko wa plastiki angavu, weka kivulini. Siku nne za kwanza usifungue. Kisha toboa matundu, ongeza kidogo kila siku mbili, na siku ya 12 hadi 14 uondoe mfuko jioni, usiondoe asubuhi wakati upepo wa kaskazi unaanza kukausha. Wiki hizi zote mpe maji matamu. Mche ambao bado haujajenga ngozi ya jani hauwezi kupigana vita viwili.

Baada ya wiki tatu, anza maji ya kisima: robo kwa siku tatu, nusu kwa siku tatu, robo tatu, kisha yote. Mwagilia chini, usiloweshe majani, na mara moja kwa wiki mimina maji mengi kuliko kawaida ili yatoke chini ya chombo na kuondoka na chumvi. Tandaza makuti makavu juu ya udongo.

Panda aina zako tatu au nne bora pamoja na ile uliyokuwa ukiipanda siku zote, zikichanganyika tutani, na ungoje matunda. Angalia kitako cha tungule: kikioza cheusi, chumvi imeizuia kalsiamu isifike, hata kama majani ni ya kijani. Uzito pekee usikupoteze. Tungule lililonyweshwa chumvi kidogo huwa dogo na tamu zaidi, na kuna wanunuzi wanaolitaka hivyo. Yule aliyesimama mpaka Machi, rudi kwake na kisu safi, chukua ncha za matawi machanga, uzirudishe chupani kwa jina lake lile lile. Kisha nenda kisimani upime tena.